Jaruba Lililolazwa Mwenyewe Angali Hai

Paukwa!

"Pakawa."

Mmeitika kama watu waliolala na njaa. Mmekula, nimewaona. Paukwa!

"Pakawa!"

Haya, sasa nimewasikia. Hapo kale, kale ya wazee wa wazee wetu, palikuwa na kijiji bondeni. Jina lake sikuachiwa, nami siwezi kuwatungia. Nyuma ya kijiji mlima, mbele ya kijiji mto, na katikati majaruba ya mpunga, kila nyumba na lake. Maji yalishuka toka chemchemi ya mlimani, yakapita mferejini, swaa, yakaingia jaruba la juu, swaa, yakaingia la kati, swaa, yakaishia la chini. Watu wa bonde hilo walikuwa watu wa wali. Mtu wao akishinda anakula muhogo kutwa nzima, jioni ukimuuliza kama amekula, atakwambia bado.

Na walikuwa na desturi yao. Mtu akifa, jaruba lake nalo limefiwa. Jembe la marehemu linatundikwa darini. Jaruba halilimwi. Halipandwi. Halipaliliwi. Linafunguliwa maji, linalala msimu mzima. Magugu yanaota, vyura wanalia, kambale wanazaana kwenye tope. Watu wakilaza jaruba waliimba:

Lala, jaruba, lala,
mwenyewe amelala.
Jembe lipo darini,
lala, jaruba, lala.

Maji yakikauka, walishuka watu wa mlimani. Hao walikuwa wafugaji, lugha yao nyingine, mila zao nyingine, na wali kwao ni chakula cha ndege. Lakini wakiona jaruba limelala walijua kuna msiba, wakaja na kibuyu cha maziwa kuhani. Ng'ombe wao wakaingia jarubani, wakala nyasi, wakaacha samadi, wakaondoka. Msimu wa pili tanga linaanuliwa, msiba umekwisha, jembe linashuka, watu wanalima.

Mngewauliza watu wa bonde kwa nini wanafanya hivyo, wangewajibu kwamba shamba lina huzuni. Hakuna aliyezungumza habari ya rutuba. Wao walilia tu, na ardhi ikapumzika.

Palikuwa na mwiko pia. Kulaza jaruba pasipo mfu ni kuita kifo nyumbani. Mwiko huo watoto waliupata kabla hawajapata meno.

Sasa katika kijiji hicho alikuwapo mwanamke mtu mzima sana, Bi Siwatu, na binti yake, Mboni. Mboni hakuwa na baba, alimzika akiwa mdogo. Hakuwa na mume, alikuwa ameachika. Hakuwa na mtoto wala ndugu. Alikuwa na mama basi. Walilala chumba kimoja, wakala sahani moja, na mmoja akitoka bila kuaga, mwenzake hula chakula kimepoa kwa kumngoja.

Ikaja miaka ya ajabu. Kifo kilisahau njia ya kijiji kile. Watoto walizaliwa wakaishi. Wagonjwa waliugua wakapona. Wazee walizeeka, wakachoka kuzeeka, wakaendelea. Watu wakapiga ngoma wakasema Mungu ametupenda. Na Mboni kila akimwangalia mama yake anapepeta mchele uani, moyo ulimtulia. Alisema, nikipewa miaka mingine kama hii, sitaki kitu kingine.

Lakini majembe hayakupumzika. Msimu huu, chwa, chwa. Msimu ujao, chwa, chwa. Hakuna mfu, hakuna jaruba la kulala. Mpunga ukaanza kutoka mwembamba, halafu ukatoka wa njano, halafu ukakoma magotini. Wakavuna, wakapura, wakapepeta. Fuu! Upepo ukapeperusha vyote. Mapepe matupu. Mwanamke anasimama na ungo mkononi, na ndani ya ungo pana konzi ya punje.

Njaa ikaingia. Na watu wa mlimani, kwa kuwa hakukuwa na msiba, hawakuwa na sababu ya kushuka. Ng'ombe wao wakasongamana juu kule kwenye chemchemi, wakakanyaga kingo zake, na maji yakaja bondeni kidogo kidogo, tena tope.

Jumbe Semhando, mkuu wa kijiji, akaita baraza. Watu wakaja na hasira, maana tumbo tupu halina adabu. Mmoja akasema ni uchawi. Mwingine akasema ni wale wa mlimani, wametuharibia chemchemi kwa makusudi, twende na mapanga. Vijana wakasimama. Hapo Bi Siwatu akafungua pindo la kanga yake, akatoa bonge la udongo.

"Jumbe, nusa," akasema.

Jumbe akanusa. "Haunuki kitu."

"Mpe jirani yako."

Bonge likapita mkono kwa mkono. Wote wakanusa, wote wakasema haunuki kitu.

"Udongo huu ni wa jaruba langu," akasema Bi Siwatu. "Alipokufa baba yake Mboni tukalilaza, na msimu lilipoamka ulinuka kambale na majani mabichi. Mpunga ule ulinifika kifuani. Ninyi mnaona ng'ombe na wachawi. Mimi naona ardhi iliyochoka. Majaruba yetu hayajafiwa siku nyingi. Tuyalaze, kwa zamu, nyumba moja baada ya nyingine."

Jumbe akajikohoza.

"Nani amekufa, Bi Siwatu?"

"Hakuna."

"Basi tuyalaze kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yake yenyewe."

Akina mama wakawavuta watoto wao karibu. Jumbe Semhando hakuwa mtu mbaya, wasikilizaji wangu, msimchukie mapema. Alikuwa anaogopa kama wengine. Akasema, "Wewe ni mkubwa wetu, hatukuvunjii heshima. Lakini nyumba itakayotangulia kulaza, ndiyo itakayozika. Haya, itaje nyumba. Mtaje na mtu."

Bi Siwatu akawatazama mmoja mmoja. Kila aliyemtazama aliinamisha uso. Mwisho akamtazama Mboni, na Mboni peke yake hakuinama, kwa sababu alikuwa amekwisha jua.

"Mama, usiseme," akasema Mboni.

"Nyumba yangu," akasema Bi Siwatu. "Mtu ni mimi."

Jumbe akatikisa kichwa. "Msiba wa kujitakia hauna kilio, Bi Siwatu. Likikuita hilo jaruba, usitungoje kukulilia."

"Nimesikia, Jumbe. Lakini mapanga yawekeni chini."

Na mapanga yakawekwa chini. Hilo nalo alilifanya.

Mvua zilipoanza, watu wote wakalima. Chwa, chwa. Bi Siwatu akaenda jarubani na mkongojo, akafungua maji yaingie. Swaa. Akarudi nyumbani, akapanda kigoda, akatundika jembe lake darini kwa mkono wake. Kisha akaimba, kwa sauti ndogo, kama anayembembeleza mtoto wa mtu:

Lala, jaruba, lala,
mwenyewe amelala.

Mboni alikuwa mlangoni. Alitaka kumnyang'anya jembe na alitaka kumkumbatia, hakufanya hata moja. Alilia tu, na kilio chake kilikuwa cha hasira.

Haukupita muda, akaja mzee mmoja wa mlimani, Loishiye jina lake, amebeba kibuyu cha maziwa. Aliona kwa mbali jaruba limelala. Alisimama uani, akatoa salamu ya msiba kwa Kiswahili chake cha kuazima.

"Makiwa."

"Tunayo," akaitika Bi Siwatu.

"Nani ametutoka?"

"Mimi."

Mzee Loishiye akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni. Hakucheka. Kwao mzee akisema neno, hupewa muda wa kulimaliza.

"Kama marehemu ni wewe," akasema, "mfiwa ni nani, nimpe maziwa yake?"

"Yule pale. Mboni."

Akampelekea Mboni kibuyu. Mboni akaweka mikono nyuma.

"Sipokei, mzee wangu. Siwezi kunywa maziwa ya msiba wa mama, na mama ananiangalia."

"Pokea, mwanangu," akasema Bi Siwatu. "Mzee ametoka mbali. Mimi nitakunywa kwanza, nawe unywe yatakayobaki."

Akanywa. Basi kwa mara ya kwanza katika bonde lile, mtu alikunywa rambirambi zake mwenyewe. Mboni naye akanywa, na machozi yalimwingia kibuyuni. Mzee Loishiye akasema, "Tulikuwa tunauliza huko juu, mbona watu wa bondeni hawatuiti tena. Ng'ombe hawana pa kwenda, wanatumalizia chemchemi. Maji yakikauka hapa nitawaleta." Akaenda zake.

Tangu siku hiyo Mboni hakuwa na raha. Mama akikohoa, yeye anashtuka. Mama akichelewa kuamka, yeye anasikiliza pumzi. Moyoni akasema, shamba ndilo linalomwita. Likilimwa halitaita. Akashusha jembe la mama yake darini. Alfajiri moja akaenda jarubani, akaingia kwenye maji, akaanza pembeni kabisa, mahali pasipoonekana na wapita njia. Chwa, chwa. Akang'oa magugu, akapanda miche aliyoificha. Kesho yake akarudi. Chwa, chwa.

Alipoinua kichwa, mama yake alikuwa ameketi juu ya tuta, mkongojo magotini.

"Unalima nini, Mboni?"

"Jaruba letu."

"Si nimelilaza?"

"Umelilaza likuue. Mimi nalilima usife." Mboni akasimama na tope mpaka mapajani. "Wote wale walinyamaza, mama. Wana watoto, wana waume, wana kaka na dada. Mimi nina wewe tu. Kwa nini umewapa kitu changu?"

Bi Siwatu akapapasa tuta kando yake. Akasema, "Njoo ukae hapa."

Mboni akaketi karibu naye.

"Sikiliza upande ule nilioulaza."

Kwoo, kwoo, kwoo. Vyura walikuwa wamerudi. Kambale akapiga mkia, pwa. Ndege wenye miguu mirefu walitembea polepole kwenye magugu.

"Sasa sikiliza hapa ulipolima."

Kimya. Maji yamesimama, na miche ya Mboni imeshaanza kugeuka njano nchani.

"Mimi nitakufa, Mboni. Nikilaza nitakufa, nikilima nitakufa, nimekwisha kuwa mzee. Ninachochagua ni nitawaachia udongo gani. Lakini wewe ndiye mwanangu. Ukiendelea kulima sitakuzuia, wala sitakwenda kukusema kwa mtu."

Hilo lilikuwa zito kuliko kama angempiga. Mboni akaliangalia jembe. Akaangalia mikono ya mama yake, jinsi ngozi ilivyobaki juu ya mifupa. Akaingia majini, akang'oa miche yake mmoja mmoja, akaitupa juu ya tuta. Akarudisha jembe darini. Na jambo hilo, la kuing'oa ile miche kwa mkono wake, halikumtoka moyoni, kana kwamba ndiye aliyemwachilia mama yake, mpaka anaingia kaburini.

Maji yakakauka. Ng'ombe wa mlimani wakaja, wakala nyasi, wakaacha samadi. Chemchemi ikapata nafasi, kingo zikaota majani, na maji yakaanza kushuka safi. Bi Siwatu aliketi kwenye tuta akiwaona. Kikohozi kilikuwa kimemshika kifuani. Wakati baridi ilipoingia, hakuweza tena kufika jarubani. Akawa anamwuliza Mboni, "Linanukaje?" Mboni anachukua udongo kiganjani, anamletea kitandani. Siku moja Bi Siwatu akanusa, akafumba macho.

"Kambale na majani mabichi," akasema. "Mboni, nisikilize. Nikifa watasema jaruba limeniita. Usibishane nao. Waambie ndiyo, limeniita na nimeitika. Lakini jaruba langu limekwisha kulala, usililaze mara ya pili. Lilime. Maana yake nini? Maana yake kifo changu hakitakuwa na shamba, kitabaki mkononi mwako. Watakuja kukiomba. Nyumba moja ikiomba, uipe, ilaze jaruba lake kwa jina langu, asife mtu wao. Msimu mwingine uipe nyumba nyingine."

"Hawatakulilia, mama. Jumbe alisema."

"Njaa itawafundisha kulia."

"Na mimi? Kila msimu unakufa nyumba nyingine. Mimi tanga nitaanua lini?"

Bi Siwatu akamshika mkono. Akaushika mpaka kulipopambazuka. Mchana akafa.

Ndugu wasikilizaji, watu wa bonde hawakuja kulia. Walikuja wachache kuchimba kaburi, wakafukia, wakaondoka haraka kabla kifo hakijawatambua. Msiba wa kujitakia hauna kilio. Mzee Loishiye na wakeze walishuka na maziwa, wakakaa na Mboni. Hawakujua nyimbo za huku, wakalia kwa lugha yao.

Msimu ukafika. Mboni akashusha jembe, akalima jaruba la mama yake peke yake. Chwa, chwa. Watu wakanong'ona kwamba hana haya, mama hajapoa na yeye analima. Hakubishana. Mpunga ukatoka kijani cheusi. Ukafika magotini, ukapita. Ukafika kiunoni, ukapita. Ukamfika kifuani, na masuke yakainama kwa uzito. Pande zote za jaruba lile mpunga wa wengine ulikuwa wa njano, na watoto wa kuamia, wanaofukuza ndege shambani, hawakuwa na kazi, maana hata ndege waliyadharau mapepe.

Ndipo Jumbe Semhando akaja, na kijiji chote nyuma yake. Alivua kofia mlangoni kwa Mboni.

"Mama yako alisema kweli," akasema. "Tunataka kulaza na tunaogopa. Nina wajukuu wadogo, Mboni."

Mboni alikuwa anapepeta. Fuu, upepo ukapeperusha mapepe machache, ungo ukabaki umejaa. Angeweza kuwafukuza. Moyo wake ulitaka hivyo, tena ulitaka sana. Walimwachia amlilie mama yake pamoja na wageni tu. Akaangalia wale wajukuu wa Jumbe, vitumbo vimevimba na miguu imekonda, akaweka ungo chini.

"Mama hajaisha kufa," akasema. "Ameniachia kifo chake. Wewe Jumbe utakuwa wa kwanza, msimu unaokuja atakuwa amekufa nyumbani kwako. Utatundika jembe, utakaa matanga, utalaza jaruba. Lakini msiba wa Bi Siwatu hautakuwa mkavu tena. Anayetaka kifo chake, akilie."

Jumbe Semhando akapiga magoti uani na kulia. Alianza kwa kuagizwa, hilo niseme kweli. Kisha akalikumbuka bonge la udongo, akakumbuka maneno yake barazani, na kilio kikawa chake. Wote wakalia. Wakaimba:

Lala, jaruba, lala,
mwenyewe amelala.

Na Mboni, aliyekuwa amekwisha kulia peke yake, akakaa mkekani pa mfiwa, akapokea makiwa upya.

Ikawa hivyo. Kila mvua zikikaribia, ukunga, ukelele wa msiba, ulipigwa katika nyumba moja: Bi Siwatu amekufa. Mboni akafunga kanga yake, akaenda, akakaa mkekani. "Makiwa," wakamwambia. "Tunayo," akaitika. Jaruba likalala, vyura wakarudi, watu wa mlimani wakashuka na maziwa. Nyumba ya juu, ya kati, ya chini, kisha tena ya juu. Mpunga ukarudi, wali ukarudi, ngoma zikarudi. Kila mtu alipata nafuu ya kumsahau Bi Siwatu mpaka zamu yake ifike, isipokuwa Mboni. Yeye kila mwaka aliambiwa mama yake amekufa, na kila mwaka aliona ile miche juu ya tuta.

Akazeeka. Nywele zikawa nyeupe, mgongo ukapinda, naye bado hajaanua tanga. Msimu mmoja ukunga ukapigwa nyumba ya chini, Bi Siwatu amekufa. Watu wakakusanyika, mkeka ukatandikwa. Mboni hakuja. Wakamfuata kwake, wakamkuta amelala kitandani, kanga ya msibani ameshaifunga, na roho imetoka.

Wakaupeleka mwili msibani. Mwanamume mmoja, mjukuu wa yule Jumbe, akasimama mbele ya mkeka mtupu, akasema kama kawaida, "Makiwa."

Hakuna aliyeitika. Wakatazamana. Ndipo walipojua kwamba miaka yote walikuwa wanahani tu, mfiwa alikuwa mmoja. Mkeka ulikaa mtupu mpaka mwanamke mmoja akaketi juu yake. Akaketi mwingine. Wakaketi wote, watoto kwa wazee, hata wa mlimani waliokuja na vibuyu vyao, wengine mkekani, wengine mchangani.

"Makiwa," akasema tena.

"Tunayo," kijiji kizima kikaitika.

Basi, mafunzo yake ni haya. Ardhi inayokulisha ina siku zake za kuomboleza, nawe ukiinyima, itakunyima. Na ukila wali uliotoka kwenye udongo ulioshiba, kumbuka kuna mtu alilia kwa niaba yako. Hadithi yangu imelala hapo, na jembe lake nimelitundika darini.